Aliyeitikia Chini ya Daraja

Siku hizi ukitaja daraja mbele ya mtu wa Mwanza, kabla hujamaliza neno ameshakupeleka kwenye lile jipya la Kigongo. Atakueleza urefu wake na taa zake, na jinsi alivyokuwa akilala kwenye foleni ya kivuko miaka ile, kana kwamba wewe ulikuwa Ulaya wakati huo. Siwalaumu. Ni daraja la kujivunia, na mimi mwenyewe nimepiga picha pale kama watu wengine. Lakini daraja langu ni jingine, dogo, liko mbele ya Kisesa ukishaacha lami na kushika njia ya vumbi inayoelekea ziwani, juu ya mto ambao ramani nyingi haziuandiki. Hilo hakuna anayelipiga picha. Mimi hulikumbuka kila ninaponusa mafuta ya taa.

Harufu hiyo ilinirudia majuzi, baada ya arobaini ya mama. Ndugu waligawana vitu vyake, wakachukua vya maana, na mimi nikaondoka na sanduku la bati ambalo nilikuwa nikilikalia utotoni wakati wa kusukwa. Nilipolifungua nyumbani kwangu Nyegezi, mafuta ya taa yalinipanda puani hata nikarudi nyuma. Ndani zilikuwamo kaunta buku zake, zimefungwa kwa kamba ya katani na kupakwa mafuta pembeni, kwa sababu mama aliamini mchwa hawali kitu kinachonuka. Nilijua ni daftari gani kabla sijazigusa. Nikaiona na ile moja yenye jalada jekundu. Nilifunika sanduku, nikaenda kupika, ingawa haukuwa muda wa kupika.

Mama yangu alikuwa msoma maji. Kazi hiyo ilikuwa ya baba kwanza. Baba alipofariki, bwana mmoja wa ofisi ya maji alikuja na pikipiki, akamkuta mama anaendelea kusoma bila kuagizwa na mtu, akatazama daftari, akasema mwandiko huu ni mzuri kuliko wa marehemu, akawasha pikipiki akaondoka. Basi ikawa kazi yake. Kila siku, saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, alishuka chini ya daraja, akainama mbele ya bamba la chuma lililofungwa kwenye nguzo, lenye mistari na namba kama rula ndefu iliyosimamishwa, akatazama maji yamefika wapi, akaandika. Kila mwisho wa mwezi alinakili namba zote kwenye karatasi ya ofisi, na daftari likabaki kwetu.

Sasa sikia ujinga wangu. Mama alikuwa na tabia ya kutamka namba kwa sauti kabla ya kuiandika, ili asiisahau akitafuta kalamu. Mimi nilikuwa nikimsubiri juu, ukingoni. Nilimsikia akitamka, "Moja nukta tatu nane," kisha nikachungulia, na kweli maji yalikuwa yamesimama palepale aliposema. Kesho yake akisema namba nyingine, yako hapo kwenye namba hiyo nyingine. Hayakumbishia hata siku moja. Nikaamini, kwa imani ambayo sijawahi kuipata tena hata kanisani, kwamba mama ndiye aliyekuwa akiyaambia maji mahali pa kusimama. Niliona ni kazi kubwa kuliko ya mwalimu mkuu, na nilishangaa kwa nini tulikuwa maskini.

Daraja lenyewe lilikuwa la pili. La kwanza mkoloni alilijenga kwa mawe, kwa ajili ya malori ya pamba yaliyokuwa yakienda jineri, kiwandani kwa kuichambua, na mto ukalichukua bibi yangu mzaa baba akiwa bado msichana. Zilibaki nguzo tatu, zimekatika juu, zimesimama majini hatua chache kutoka kwenye daraja letu la vyuma na mbao. Ukizitazama kwa mbali, hasa maji yakizifika kifuani, ungeapa kwamba ni watu watatu wamesimama wanamsubiri wa nne. Sikuzipenda. Nikivuka nilizipa kisogo, na kisogo chenyewe kilikuwa kikiniwasha mpaka nifike ng'ambo.

Watoto wote wa upande wetu tulifundishwa kuwasalimia wale watatu kabla ya kukanyaga mbao. Bibi alikuwa mkali kwa hilo kuliko kwa sala. "Unapita juu ya vichwa vya watu kimya kimya kama mwizi, wewe nani?" Yeye mwenyewe aliwaambia mwangaluka, kwa Kisukuma, sisi wa shule tuliwaambia shikamoo. Mama hakupendezwa.

"Mnasalimia saruji," alisema siku moja.

"Si saruji, Mama Kabula, ni mawe," bibi akamjibu, kana kwamba hapo ndipo mama alipokosea.

Hakuna aliyetarajia jibu. Ilikuwa salamu ya kutupa, unasema unapita, kama unavyogusa mfuko kuhakikisha ufunguo upo. Mto ulivuma, mbao zikalia chini ya miguu, basi.

Masika ya mwaka niliokuwa darasa la tatu, mama alishikwa na malaria. Siku ya kwanza alitaka kushuka hivyo hivyo, akafika mlangoni, akakaa chini. Bibi hakujua kusoma. Nilikuwa nasoma zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi nilikuwa nyumbani, na macho ya wote wawili, ya mama na ya bibi, yakanigeukia.

"Kabula, unajua nukta?" mama aliniuliza.

"Najua."

"Unainama, unaangalia pale maji yanapokata namba. Usikisie. Ukikisia, ni bora usiandike."

Siku hiyo nilishuka, nikainama, nikasoma moja nukta tano mbili, nikaandika. Nilirudi na tope magotini, nimejaa sifa, bibi akanimiminia uji kwenye kikombe cha marehemu baba. Mstari wa saa tisa ulibaki wazi, kwa sababu saa tisa nilikuwa shuleni. Mama alisema haidhuru.

Siku ya pili mto ulikuwa umebadilika rangi. Mvua ilikuwa imenyesha juu huko, kwetu hapakuwa na tone. Maji yalikuwa ya kahawia, yana povu, yanapita na vijiti na harufu ya zizi, na hapakuwa na ndege hata mmoja. Nilisimama mwanzo wa njia ya kushukia, mkono kwenye chuma cha daraja, daftari jekundu kwapani. Wale watatu walikuwa wamezama hadi kiunoni. Nikasema, kwa kawaida tu, "Shikamoo."

"Marahaba."

Nataka niieleze sauti hiyo vizuri, maana nimekaa nayo muda mrefu kuliko nilivyokaa na mume. Haikuwa nzito wala haikutoka shimoni kama za hadithi. Ilikuwa sauti ya mwanamume wa kawaida aliyechoka, karibu kabisa, upande wa giza ambako ukingo unakutana na mbao. Kisha akakohoa, kikohozi chenye maji, kama mtu aliyepaliwa. Lakini mimi macho yangu yalikuwa kwenye zile nguzo, na masikio ya mtoto husikia mahali macho yanapotazama. Mmoja wa wale watatu alikuwa ameniitikia.

Nilikimbia. Nyuma yangu ile sauti iliongeza kitu, maneno mawili matatu ya haraka, ila sikuyasikia. Masikio yangu yalikuwa yameshafika nyumbani kabla ya miguu.

Nilisimama kwenye ua wa minyaa wa jirani, mahali ambapo daraja halionekani, nikafungua daftari. Sikuweza kurudi chini, wala sikuthubutu kumpelekea mama mstari mtupu. Na hapo, nikiwa nimeshika kalamu yake mwenyewe, nikakumbuka maji yanavyotii. Sikukisia. Ningekuwa nimekisia ningejisamehe. Nilifikiri sawasawa, kama mtu anayefanya hesabu: vichwa vya wale watatu vinalingana na alama ya nne kwenye bamba, mama aliwahi kunionyesha. Nikitaka vifunikwe, inabidi maji yapite hapo. Nikaandika kwa wino, nikatamka kwa sauti ninapoandika: "Nne nukta moja sifuri."

Bibi alinipokea mlangoni. Hakutazama daftari. Alitazama miguu yangu.

"Umeshuka?"

"Nimeshuka, bibi."

"Mbona miguu mikavu?"

"Nimenawa."

"Kwa maji gani?"

Nikaficha mguu mmoja nyuma ya mwingine. Akainama karibu, akaniuliza polepole, "Umewasalimia? Wamekuitikia?"

"Hapana," nikasema. Nadhani uso wangu ulisema jingine, kwa sababu alishika kifua akaenda kukaa. Nilichomeka daftari chini ya mto wa mama, ambaye alikuwa amelala mdomo wazi, nikavaa sare nikaenda shule. Siku hiyo tulifundishwa kuzidisha. Sikujua chochote kilichoandikwa ubaoni.

Niliporudi jioni nyumba ilikuwa kimya. Bibi alikuwa jikoni nyuma. Mama alikuwa kitandani vilevile, amegeukia ukutani, blanketi fupi limemfika chini ya magoti. Kuanzia hapo hadi vidoleni miguu yake ilikuwa tope tupu. Tope la kahawia, bichi, lina vipande vya majani, na linanuka zizi.

Mtu mzima angejua mara moja. Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nimeuamuru mto upande. Nikaona umeanza kwa mama. Umemwingilia kitandani, umeshafika magotini, na kwa kuwa nimeandika nne nukta moja sifuri, hautasimama mpaka umfunike. Nilitaka kufuta ile namba, lakini ilikuwa ya wino. Nikapiga magoti miguuni pake, nikasema kwa sauti ile ile yake ya kuamuru, "Moja nukta mbili sifuri. Moja nukta mbili sifuri. Moja nukta mbili sifuri." Tope halikushuka. Bibi aliingia akanikuta nasema hivyo, akadhani na mimi nimeshikwa na homa, akanilaza.

Alfajiri tuliamshwa na watu. Daraja lilikuwa limekwenda. Hapakuwa na mlio mkubwa, walisema, ni kama mtu aliyeinua kitanda akakihamisha. Zilibaki nguzo za chuma, na mbao zetu zote zilikuwa zinaelea kuelekea ziwani. Mama naye homa ilimpanda kichwani, akawa hamjui mtu, akabebwa kwenye baiskeli hadi zahanati ambayo kwa bahati ilikuwa upande wetu wa mto. Alitundikiwa dripu siku tatu. Siku zote hizo nilikaa nje ya dirisha lake, na kila nilipotazama miguu yake, ambayo bibi alikuwa ameshaiosha, niliiona ina tope.

Mwenyekiti wa kijiji alipita nyumba kwa nyumba akihesabu watu, kisha akatangaza kwamba hakuna aliyepotea, tumshukuru Mungu. Watu wakasema amina. Mimi sikusema. Maji yaliposhuka, mstari wa tope ulibaki kwenye bamba, na mama aliporudi kazini, bado anatembea kwa kushika vitu, alikwenda kuusoma. Nilikuwa ukingoni. Nilimsikia akitamka, "Nne nukta moja..." kisha akageuza shingo akanitazama. Hakumalizia. Nyuma yake, mtoni, zile nguzo za mawe zilikuwa mbili.

Kuanzia siku hiyo hakunipa tena daftari. Hakunigombeza na hakuniuliza. Na mimi sikumwambia.

Kwa miaka mingi niliamini nimemzamisha yule wa tatu, mzimu au jiwe, vyovyote alivyokuwa, na hofu yangu ilikuwa kwamba wawili waliobaki wananidai. Hiyo, kumbe, ndiyo ilikuwa hofu nyepesi. Nilipokuwa chuo cha ualimu, tumekaa bwenini mwenzangu mmoja anakohoa kifua, nilishtuka kitandani nikaona jambo ambalo mtoto hakuweza kuliona. Mawe hayakohoi. Wale waliotoka minadani na waliokosa nauli ya kufika machimboni, walilala chini ya madaraja wakati wa mvua, na mwenyekiti wa kijiji hakuwa na orodha yao. Hakuna aliyepotea katika waliohesabiwa. Aliyeniitikia hakuhesabiwa na mtu. Mimi peke yangu ndiye niliyejua yupo, na nilikuwa nimenyamaza toka asubuhi hadi usiku maji yanapanda. Namba niliyoandika haikumuua mtu, mimi ni mwalimu wa hisabati, najua namba zinavyofanya kazi. Kunyamaza ndiko kunakoua.

Lile daftari jekundu nilikaa nalo siku tatu ndipo nikalifungua. Niliikuta siku yenyewe kirahisi, kwa sababu ya namba zangu nono za darasa la tatu, 4.10, zimekandamizwa hadi karatasi imetoboka kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kuziona hizo. Sikuwa nimejiandaa kwa mstari wa chini yake, wa saa tisa, ambao nilijua ni mtupu. Ulikuwa umeandikwa kwa mkono wa mama, mkono wa homa, herufi zinapanda na kushuka:

"1.94. Nimeshuka. Nimebisha hodi pande zote mbili. Hakuna mtu."

Nilikaa sakafuni. Bibi alimwambia kuhusu miguu yangu mikavu na alichokisoma usoni pangu, hakuna namna nyingine. Bibi alikuwa na mawe yake, angeweza kutambika au kutoa sadaka akalala. Mama hakuwa na pa kukimbilia. Mtu asiyeamini mizimu akiambiwa mtoto ameitikiwa, kwake aliyeitikia ni lazima awe binadamu. Ndipo akainuka na homa yake, akashuka kwenye maji yanayopanda, akabisha hodi kwenye giza la chini ya daraja. Tope lile lilikuwa la kumtafuta mtu wangu.

Ukurasa unaofuata ni mtupu, siku za zahanati. Kisha mwandiko wake unarudi, umenyooka: namba ya maji, na mbele yake maneno mawili, "Hakuna mtu." Saa tisa, "Hakuna mtu." Kesho yake hivyo hivyo. Nilifungua daftari lililofuata, na lililofuata. Lilipojengwa daraja la tatu, hili la zege, aliandika. Nilipokuwa chuo, nilipoolewa, nilipoachika nikarudi kulia kwenye mapaja yake, siku hizo zote alikuwa amebisha hodi mara mbili. Hadi ukurasa wa mwisho, ofisi ilipofunga darajani kisanduku kinachosoma maji chenyewe na kumshukuru kwa utumishi wake. Nilimkasirikia mama yangu, marehemu, nikampigia kelele chumbani peke yangu. Swali moja tu ungeniuliza! Halafu nikanyamaza, kwa sababu nami ningeweza kumwambia bila kuulizwa.

Jumatatu iliyofuata niliomba ruhusa shuleni, nikaenda. Saa tisa ilinikuta nimevua viatu, nashuka chini ya daraja la zege. Kulikuwa na ubaridi, chupa tupu za maji, mavi ya mbuzi, na majivu ya moto mdogo uliozimika si muda. Kipande cha boksi kilikuwa kimetandazwa, kimebonyea katikati kwa umbo la mtu. Mwenyewe hakuwepo. Nje, juani, zile nguzo mbili zilikuwa zimesimama, maji yamezifika magotini. Niliziambia shikamoo, na jinsi nilivyo mtu mzima na miwani yangu, nilisubiri. Maji yalivuma tu. Nikakaa kwenye lile boksi, nikamlilia mama, kimya kimya, nakimeza kilio.

Ndipo nikasikia viatu vya shule juu. Vitoto vilikuwa vinatoka darasani, vinapita vinacheka. Mmoja alibaki nyuma, nikasikia hatua zake zinasimama mwanzo wa daraja, kisha sauti nyembamba ya msichana, ya kawaida tu:

"Shikamoo."

Mwalimu huitikia salamu hiyo mara mia kwa siku, mdomo haungoji akili.

"Marahaba," nikasema. Na kwa kuwa nilikuwa nameza machozi, nikapaliwa, nikakohoa.

Juu pakawa kimya. Kimya kile nilikijua, niliwahi kuwa ndani yake. Kisha miguu ikatimka.

"Usikimbie, mwanangu!" nikapaza sauti. "Ni mtu tu!"

Zege lilinirudishia maneno yangu, na hapo ndipo nilipoyatambua. Maneno mawili matatu ya haraka. Hakuna kingine ambacho mtu angeweza kumwambia mtoto kutoka chini pale. Nilisimama nikisikiliza ile miguu hadi ikapotea, na sikuisikia ikipunguza mwendo.

Daftari la mwisho la mama, nililokuja nalo mkobani, lilikuwa na nusu ukurasa mtupu. Niliinama kwenye bamba jipya, nikainama vizuri mpaka kidevu kikakaribia maji, nikasoma, nikatamka kwa sauti. Nikaandika chini ya mstari wake wa mwisho: "0.87. Mama, kulikuwa na mtu."